Kitunguu Hakifichi Damu

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari. Chuo chetu kipo Singida mjini, ni kidogo, kina darasa moja na gari moja. Asubuhi tunakaa na alama za barabarani, mchana tunatoka na gari. Naipenda kazi hii, hasa pale mtu mzima aliyekuja akitetemeka anaposhika usukani na kugundua kwamba gari linamsikiliza. Mimi huwaambia wote neno moja: hakuna asiyeweza, kuna aliyeelezwa vibaya.

Somo nililolifundisha vizuri kuliko yote lilikuwa la pombe. Nalisema hilo kwanza ili nikimaliza kusimulia msinionee huruma kwamba sikujua.

Wanafunzi wengi huja wakiamini kwamba sheria inahesabu chupa. Mmoja atakwambia chupa mbili ruhusa, mwingine tatu kama umekula nyama. Basi mimi huja darasani na kikombe cha chai, namimina maji hadi nusu, nasema hii ndiyo mililita mia moja, tuseme ni damu yako. Kisha nachukua chumvi kwa ncha za vidole viwili, chembe chache tu, nasema hii ni kama miligramu themanini. Kilevi cha kiasi hiki kikiwa ndani ya damu kiasi hiki, umefika kwenye mstari wa sheria. Ukizidi, umevuka. Wanacheka, maana hawakutegemea mstari uwe mwembamba hivyo. Nawaambia mashine haijui ulikunywa nini wala kwa furaha gani. Inajua kilichomo ndani ya damu tu.

Hapo huuliza kuhusu adhabu, na hapo ndipo hata waliokuwa wanasinzia huamka. Nawaeleza kwamba mstari ni mmoja, lakini walioko upande wa pili wa mstari hawalingani. Aliyezidi kidogo ana kosa, hata kama gari lake lilikwenda limenyooka. Aliyezidi sana ana kosa zito zaidi machoni pa hakimu. Hakimu huangalia kipimo kilisoma ngapi, ulibeba nani, ni mara yako ya ngapi, na zaidi ya yote, kuna mtu aliyeumia? Kutoka hapo ndipo inapatikana faini, kifungo, na leseni kusimamishwa muda mfupi au mrefu. Kukataa kupuliza nako hakukuokoi, ni kosa lingine juu ya lile la kwanza. Na aliye chini ya mstari asijidai, maana akiendesha ovyo bado anashtakiwa.

Mwishoni huwachekesha kwa habari ya kitunguu. Huku kwetu vitunguu ni tele, na kila dereva mlevi anaamini akitafuna kimoja kibichi amepona. Nawaambia kitunguu kinaficha harufu, hakifichi damu. Cha kuondoa kilevi ni muda peke yake. Chai ya rangi haiwezi, supu haiwezi, asali haiwezi. Mwanafunzi mmoja, binti mwenye mwandiko mzuri, aliiandika sentensi ile ya kitunguu akaipigia mstari kwa wino mwekundu. Nilimwona akifanya hivyo na nikafurahi. Baadaye alijiunga na polisi, akawekwa usalama barabarani upande wa Ikungi.

Jumamosi moja baada ya mavuno ya mtama, dada yangu mkubwa aliniomba nimpeleke Issuna. Mwanawe alikuwa amepata mchumba huko, na siku ile ilikuwa ya kuzungumza mahari. Tulikuwa watatu: dada, mshenga ambaye ni mzee jirani yake, na mimi dereva. Niliazima gari la chuo. Tulitoka asubuhi, upepo ukivuma kama kawaida yake, alizeti zimekwisha kukauka mashambani.

Wakwe wale wana utaratibu wao. Kila jambo likikubalika, kata, yaani kibuyu cha kunywea, yenye pombe ya mtama inazunguka, na kila mgeni anaonja. Asiyeonja ana neno moyoni, na mwenye neno moyoni anatakiwa aliseme, na likishasemwa mazungumzo yanarudi nyuma. Nilimnong'oneza mshenga kwamba mimi nina usukani. Mshenga, kwa nia njema kabisa, akalitangaza. Mzee mwenye nyumba akanitazama kwa upole, akauliza iwapo usukani nao unaposa. Watu wakacheka. Akasema ile si pombe, ni chakula, wameipika akina mama kwa mtama wa shamba lile pale, na mgeni hafukuzwi na chakula.

Nikaonja. Tulikubaliana ng'ombe, kata ikazunguka. Tukakubaliana mbuzi. Likaja blanketi la bibi, jembe la mjomba, shuka la babu. Kuna jambo lilibishaniwa sana, na lilipokubalika kata ilizunguka mara mbili kwa furaha. Mzee alinitania kwamba nakunywa kama ninayempimia mtoto dawa, na kwa sababu ya utani ule nikazidisha. Lakini nisimsingizie. Pombe ilikuwa tamu, imeiva vizuri, na mimi nilikuwa nimekaa pamoja na watu walionipenda. Kichwani nilijiambia neno moja tu, naonja. Miaka yote nilikuwa nimewafundisha watu wasihesabu chupa, na siku ile mimi mwenyewe sikuhesabu chochote, kwa kuwa nilikuwa nimekipa kitu kile jina lisilohesabika.

Tukala kuku na ugali. Saa nane na nusu mchana tukaaga. Wakwe wakatupa mfuko wa vitunguu.

Dada aliketi mbele pamoja nami, mshenga nyuma akasinzia mara moja. Dada akaniuliza najisikiaje. Nikamjibu kwamba niko sawa, kisha nikaanza kumweleza, kama ilivyo desturi yangu, tofauti ya mtu kulewa na mtu kuonja, na jinsi chakula kinavyopunguza kasi ya pombe. Nilieleza kwa ufasaha. Nilikuwa bado naeleza tulipomkuta mbele yetu mtu wa baiskeli, amefunga tenga la kuku nyuma.

Barabara ilikuwa tupu. Nilikuwa na nafasi yote ya kumpita kwa mbali. Nilimpita karibu sana, kwa sababu ambayo hadi leo siijui isipokuwa ile iliyokuwa ndani ya damu. Sikumgusa. Lakini kwenye kioo nilimwona akiyumba, akaingia kwenye changarawe, akaanguka pamoja na tenga lake. Kisha nikamwona anainuka, anajipangusa magoti. Dada akasema, "Simama." Nikasema amekwisha kuinuka, yuko salama. Sikusimama.

Dada alifungua ule mfuko, akamenya kitunguu kwa kucha, akanipa. Hakunitazama. Na mimi, mwalimu wa watu, nilikipokea nikakitafuna kizima, machozi yakinitoka, nikiendesha.

Karibu na Ikungi palikuwa na askari wawili barabarani. Mmoja aliinua mkono. Niliposhusha kioo nikamwona ni yule binti wa mwandiko mzuri, sasa amevaa nguo nyeupe na kofia. Uso wake ukafunguka kwa furaha. Akasogea, akainama kidogo kama mtoto anayemwamkia mzazi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu," nikasema, na harufu ya kitunguu ikatoka yote mdomoni mwangu ikamfikia.

Niliona furaha yake inaondoka. Haikuondoka kwa haraka. Alitazama macho yangu yenye machozi, akatazama maganda ya kitunguu kwenye mapaja ya dada, akatazama chini. Nadhani alikuwa ananisubiri niseme jambo litakalomsaidia. Mimi nikaanza kuongea. Nikamuuliza hali ya mama yake, kazi, kama amepata nyumba ya kupanga. Nikamweleza habari za posa. Nikaomba maji ya kunywa. Nikaomba kwenda kujisaidia. Nilikuwa najua ninachofanya: muda ndio unaoondoa kilevi, na mimi nilikuwa nautafuta. Nilisahau nusu ya somo langu mwenyewe, kwamba mtu aliyetoka kunywa sasa hivi, tumbo likiwa bado limejaa, damu yake haijaanza kushuka. Inaweza kuwa bado inapanda.

Alinisubiri kwa heshima yote. Kisha akaleta kifaa. Nilipuliza kidogo, kwa kubana. Akasema taratibu kwamba hakikusoma, nirudie. Nikarudia. Kilisoma tisini na nne.

Kama mngekuwa darasani kwangu ningewaambia: hapa mtu huyu amezidi, lakini si kwa mbali. Ana kosa, hana kosa baya kuliko yote. Angekubali, aegeshe gari, awaombe radhi abiria wake, siku ya kesi aseme kweli. Ningewaambia hivyo na ningewatia moyo.

Nilichofanya ni kumvuta pembeni, nyuma ya gari, mwenzake akiwa upande wa pili anakagua lori. Nikamwambia yeye ni mwanangu. Nikamwambia anajua maana ya hukumu kwa mtu anayeishi kwa leseni yake. Nikamweleza kwa sauti ileile ya darasani kwamba vifaa hivi huwa na makosa madogo, kwamba tofauti kati ya sabini na nane na tisini na nne haijazi hata ncha ya kidole.

"Andika sabini na nane," nikasema. "Hakuna atakayeuliza."

Alikuwa ameishika kalamu kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akasema, "nikiandika hivyo, kesho nikikukuta sokoni nitakuamkiaje?"

Hakunisema vibaya, hakupandisha sauti. Aliuliza kama anayetaka jibu. Mtoto wa huku kwetu hawezi kumpita mkubwa bila kumwamkia, na hawezi kumwamkia kwa heshima mtu anayejua kwamba walidanganya pamoja. Akaandika tisini na nne, akanionyesha, nikatia sahihi. Gari lilipelekwa kituoni na mwenzake, na dada na mshenga wakapanda basi kwenda Singida bila mimi.

Mahakamani nilifika mapema. Dada alikuja akakaa benchi la nyuma. Kabla yangu aliitwa dereva wa lori la fuso, kijana mnene aliyekuwa anajifuta jasho. Kipimo chake kilikuwa zaidi ya mara mbili ya changu, na alikuwa amegonga ukuta wa nyumba ya watu na kumvunja mkono mama aliyekuwa uani. Alikwenda jela. Mkewe alitoka nje akiwa amejifunika uso. Na mimi, nawaambia ukweli, nilipokuwa nasikiliza nilihisi nafuu. Nilijipimia: mimi tisini na nne, yeye karibu mia mbili. Nilimtumia yule kijana kama mtu anavyosimama karibu na mrefu zaidi ili aonekane mfupi.

Nikaitwa. Shtaka likasomwa, nikaulizwa, nikasema ni kweli. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akapitia karatasi, akamuuliza mwendesha mashtaka kama katika safari ile kuna mtu aliyeumia au mali iliyoharibika. Mwendesha mashtaka akasema hakuna. Hakimu akanigeukia, akauliza kama nina la kusema kabla ya adhabu.

Nilikuwa nalo. Lilikuwa na tenga la kuku na magoti yenye changarawe. Nyuma yangu nilisikia benchi likilia, dada akijisogeza.

Nikasema ni kosa langu la kwanza, naomba mahakama inihurumie.

Akanihurumia. Alisema kwamba kipimo changu kimezidi kwa kiasi kidogo, kwamba nimekiri bila kuisumbua mahakama, na kwamba kwa bahati hakuna aliyedhurika. Faini, au kifungo nikishindwa, na leseni isimamishwe miezi sita. Kila neno la hukumu ile lilikuwa sahihi isipokuwa moja, na adhabu yangu yote ilikuwa imeegemea hilo moja.

Nje, dada alinisubiri mlangoni. Nilidhani atanipongeza kwa kupona. Alisema, "Yule mtu hajui hata kama kuna kesi." Akaenda zake kutafuta bodaboda.

Chuoni walinionea huruma. Mwenye chuo alinipa kazi ya darasani tu, na kijana mwingine akachukua gari. Nilifundisha alama, nilifundisha vioo, nilifundisha umbali wa kusimama. Tulipofika kwenye somo la pombe, nilimwomba yule kijana alifundishe, nikasema ninaumwa kichwa. Wanafunzi wakaniambia pole, mwalimu. Mama mmoja anayeuza mchele sokoni, ambaye mimi nilikuwa nikimtia moyo kila siku kwamba ataweza, akaniletea uji kwenye chupa. Niliunywa uji ule nikiwa nimegeukia ukutani.

Siku iliyofuata nikapanda basi hadi njia ile. Niliuliza watu wa vibanda vya barabarani: namtafuta mtu wa baiskeli, anabeba kuku. Kazi ngumu, maana huku wabeba kuku ni wengi. Lakini mama wa kibanda cha tatu akaniambia kuna mmoja aliyeanguka siku za karibuni, nyumba yake ni ile yenye bati jipya, baada ya mawe makubwa.

Nilimkuta uani, anashona tenga lililopasuka kwa kamba ya katani. Alikuwa mtu wa umri wangu. Mguu mmoja ameunyoosha mbele kwenye kigoda, goti limevimba kidogo. Tukaamkiana, habari za hapa, habari za nyumbani, akaniita kivulini nikae. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya kuanguka kwake. Akacheka.

"Umeipata wapi? Ile si habari. Kuku wawili walivunjika shingo, tukawala. Mimi goti tu, linakuja linakwenda."

Nikamuuliza kama aliliona gari. Akasema aliliona vizuri sana lilipokuwa linaondoka, gari dogo jeupe, nyuma lina herufi L nyekundu.

"Nilipoinuka nilitaka kutukana," akasema. "Nikaiona hiyo L. Nikasema moyoni, huyo ni mwanafunzi, anajifunza, maskini, hajui umbali. Nikamwachia Mungu. Kila mtu alianza kwa kukosea."

Aliendelea kushona. Sindano yake ilikuwa ubavu wa mwavuli, imenolewa. Niliitazama inaingia na kutoka, na nikatambua kwamba ningeweza kuondoka pale nikiwa nimesamehewa kabisa, na mtu huyu, na mahakama, na mwenye chuo, kila mmoja kwa sababu ya jambo ambalo si la kweli.

"Hakuwa mwanafunzi," nikasema. "Nilikuwa mimi. Mimi ndiye mwalimu wao. Na nilikuwa nimekunywa."

Sindano ikasimama. Alinitazama muda mrefu, kwanza usoni, kisha viatu, kisha mikono, kama mtu anayekagua ng'ombe aliyeuziwa kwa sifa za uongo. Nilimweleza yote: mtama, kata, kitunguu, tisini na nne, swali la hakimu na jibu langu. Nilieleza kwa ufupi, na kwa mara ya kwanza maelezo yangu hayakuwa na mfano wowote.

"Basi hiyo L ni yako," akasema mwishowe. "Uivae."

Hakucheka, na mimi sikucheka. Nikamuuliza kama yuko tayari twende pamoja Ikungi, kwa askari aliyenipima, ili jambo lake liandikwe, goti na kuku na yote. Nikamwambia wazi kwamba huenda adhabu yangu ikaangaliwa upya, na kwamba hilo si la kumzuia yeye. Akasema hana haja ya polisi, yeye ana tenga la kumaliza kabla ya gulio. Kama nina haja, njia naijua.

Nikaondoka kwa miguu hadi lami. Basi la kwenda Singida lilisimama, kondakta akaniita baba, akaniambia nafasi ipo. Nikamwambia anishushe Ikungi, kwenye kituo cha polisi.

Yule binti alikuwepo. Aliponiona mlangoni alisimama, midomo yake ikajiandaa kwa salamu. Nikainua mkono kumzuia. Nikamwambia asiniamkie kwanza, achukue karatasi. Akaketi, akavuta kitabu, akafungua kalamu, akasubiri. Nikaanza na mtu wa baiskeli.